Uzi: Kuongeza starehe ndani ya gari la haibridi bila kuharibu ulaji wake mdogo wa mafuta

Wakuu, heshima kwenu.

Linapoulizwa swali la kuongeza vifaa vya starehe kwenye gari la haibridi (lenye injini ya mafuta na mota ya umeme kwa pamoja), majibu huwa ya aina mbili: wengine huonya kwamba gari hilo haliguswi kabisa, na wengine hudai kwamba gari ni gari tu, fundi yeyote wa umeme atafunga chochote. Naona pande zote mbili zinaliruka jambo lenyewe. Haibridi inaguswa, tena nyingi zilitengenezwa kwa kubana uzito na gharama kiasi kwamba siti, muziki na utulivu wa ndani ndivyo vilivyopunjwa. Lakini umeme wake na joto lake havizunguki kama vya gari la kawaida, na ndiyo maana kifaa kilekile kinaweza kukupunguzia mafuta au kukuacha umesimama barabarani, kutegemea kimefungwa wapi na kwa namna gani. Mifano mingi nitaitoa kwenye Toyota Prius na Aqua kwa kuwa zinafahamika na wengi, ila kanuni zenyewe zinazihusu haibridi nyingine nyingi.

Tuanze na umeme. Prius haina alteneta wala stata ya kawaida. Ina betri kubwa, ambayo kwenye Prius ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa 2009, ni ya volti 201.6, na kwenye Aqua ni ya volti 144. Umeme huo hushushwa na kigeuzi maalumu hadi takribani volti 14 ili kulisha taa, redio na kompyuta za gari, na kuichaji betri ndogo ya volti 12. Betri hiyo ndogo haizungushi injini. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kufunga relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zinazoiunganisha betri kubwa na mfumo, basi. Kwa kuwa kazi ni nyepesi, watengenezaji waliweka betri ndogo kwelikweli, mara nyingi kati ya ampea-saa 35 na 45, wakaificha kwenye buti la Prius hiyo au chini ya siti ya nyuma ya Aqua, mahali ambapo mwenye gari anaweza kukaa miaka bila kuiona.

Hapo ndipo starehe nyingi huanzia kuleta balaa. Chukua kamera ya dashibodi inayoendelea kurekodi gari likiwa limeegeshwa. Ikila ampea 0.3, kwa saa 24 imekula ampea-saa 7.2; kwenye betri ya ampea-saa 36, siku ya tatu ikiisha zaidi ya nusu ya chaji imeondoka. Mwenye gari lenye betri kubwa ya kuwashia injini asingeshtuka mapema hivyo. Mwenye haibridi atakuta milango haisikii ufunguo, dashibodi inawaka taa za ajabuajabu na gari halikubali kuingia kwenye hali ya READY (yaani limewaka na liko tayari kuondoka), kisha ataambiwa kwamba betri kubwa imekufa, ilhali kilichokwisha ni ile ndogo. Kifaa cha uchunguzi kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD (tundu la kusomea kompyuta za gari) na kuachwa humo, amplifaya iliyounganishwa moja kwa moja na betri bila waya wa kuizima, na chaja zilizochomekwa bila simu zina tabia hiyohiyo kwa viwango tofauti.

Kwa hiyo, kabla ya kuongeza chochote, nunua mita ya kawaida ya kupimia volti. Gari likiwa limelala kwa saa kadhaa, betri ndogo iliyojaa na yenye afya husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikishuka hadi 11.8 iko ukingoni. Washa gari hadi READY, na usomaji unapaswa kupanda hadi karibu volti 14. Usipopanda, shida iko kwenye kigeuzi au fyuzi yake, na si wakati wa kufunga starehe yoyote. Kipimo cha pili ni cha mkondo unaotumika gari likiwa zima na limefungwa: kwa kawaida huwa ni makumi machache ya miliampea. Upime kabla ya kufunga kifaa kipya na baada ya kukifunga, na tofauti utakayoiona ndiyo deni jipya uliloipa betri ndogo. Nafikiri kipimo hiki kingekuwa sharti la kumlipa fundi, mabishano mengi ya baadaye yasingekuwapo.

Umeme wa kifaa kipya uchukuliwe kwenye saketi inayozimika gari linapozimwa, kupitia fyuzi yake yenyewe, na si kwa kuchuna waya wowote ulio karibu. Kitu kinachovuta mkondo mkubwa kipewe waya wake kutoka kwenye betri ndogo, wenye fyuzi karibu kabisa na betri na relei inayofunguka gari linapozimwa. Nyaya zenye gamba la rangi ya chungwa haziguswi, hazikatwi, hazifungiwi kitu juu yake. Zile ndizo zenye umeme wa kuua.

Sasa joto, ambalo ndilo ninaloliona la maana kuliko yote na ndilo lisilozungumzwa. Kwenye haibridi nyingi hita ya ndani huchota joto kwenye maji ya kupoza injini, kama gari lingine lolote. Tofauti ni kwamba injini ya haibridi hutafuta kila nafasi ya kuzimika: kwenye foleni, kwenye mteremko, mbele ya taa nyekundu. Ukiweka hita nyuzi 26 asubuhi ya baridi kali, kompyuta inalazimika kuiacha injini ikiunguruma hata pale gari lisipohitaji nguvu yake, kwa sababu tu maji hayajafikia joto linalotakiwa. Sasa linganisha: pedi ya kupasha siti hula wati 40 hadi 60 hivi, na joto lake linamfikia mtu moja kwa moja mgongoni na mapajani, wakati hita ya gari inahitaji kilowati kadhaa ili kupasha hewa, vioo, plastiki na siti tupu za nyuma. Anayefunga pedi kwenye siti mbili za mbele, kisha akashusha hita hadi nyuzi 19 au 20 na kupunguza kasi ya feni, anaipa injini ruhusa ya kuzimika mapema. Hiki ni kifaa cha starehe kinachorudisha mafuta. Ila vioo vikianza kufunga ukungu, hita na kiyoyozi virudishwe mara moja, maana kuiona barabara kunatangulia hesabu ya mafuta. (Usukani wa kupashwa joto uko kwenye kundi hilihili, lakini kuufunga kunagusa mfuko wa hewa na ule utepe wa nyaya unaojikunja nyuma ya usukani, mimi nisingemshauri mtu auongeze.)

Kwenye jua kali hesabu ni ileile kwa sura nyingine. Tangu Prius ya kizazi cha pili iliyotoka 2003, kompresa ya kiyoyozi haizungushwi na mkanda wa injini, bali inaendeshwa na umeme wa betri kubwa. Faida yake ni kwamba unapoa hata injini ikiwa imezimika. Hasara ni kwamba kadiri kompresa inavyohangaika ndivyo betri kubwa inavyoshuka, na injini itawaka ukiwa umesimama ili kuichaji. Starehe ya kwanza kwa anayeishi kwenye joto, kwa hiyo, ni kuzuia jua lisiingie: tinti ya seramiki kwenye vioo, na ngao ya kioo cha mbele unapoegesha. Epuka tinti yenye chembe za metali, kwa sababu inaweza kudhoofisha mawimbi ya GPS, redio na ufunguo wa mbali. Kiwango cha giza kinachoruhusiwa kisheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo kila mtu athibitishe chake kabla ya kubandika. Seramiki nzuri huzuia joto hata ikiwa angavu karibu kabisa, na hakuna haja ya kugombana na sheria.

Kuna tundu moja ambalo kila anayefunga vitambaa vya siti, mazulia au spika za buti lazima alijue. Betri kubwa ya magari haya hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, ileile mnayoipumua. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu hewa hiyo huingia kwenye tundu lenye vijipasuo lililo ubavuni mwa siti ya nyuma, upande wa kulia. Kwenye Aqua liko kwenye ukingo wa chini wa siti ya nyuma. Ukilikaribia gari likiwa limetembea kwenye joto utaisikia feni ndogo ikivuma ndani yake. Kitambaa kinene cha siti kinachoning'inia, begi lililosukumwa pembeni, blanketi la mtoto au nywele za mbwa vinatosha kulifunika. Betri ikipata joto kupita kiasi, kompyuta hupunguza umeme inaotoa na kupokea, injini hufanya kazi zaidi, na seli huzeeka kabla ya wakati wake. Mtu anaweza kununua vitambaa vya kupendeza na mwaka unaofuata akaanza kulalamika kwamba haibridi zina betri mbovu. Kata kitambaa mahali hapo, au kishonwe kifupi, na tundu lisafishwe kwa mashine ya kufyonza vumbi mara kwa mara.

Tukiwa bado kwenye siti: chini ya siti za mbele kuna viunganishi vya rangi ya njano. Hivyo ni vya mifuko ya hewa. Fundi akitaka kuitoa siti ili kuweka pedi au ngozi, aondoe kwanza waya hasi wa betri ndogo na asubiri zaidi ya sekunde 90 kabla ya kuchomoa chochote cha njano. Siti zenye mfuko wa hewa ubavuni zinahitaji ngozi yenye mshono dhaifu upande huo, wa kupasuka mfuko unapofumuka. Kitambaa cha kawaida kilichokaza huweza kuuzuia au kuuelekeza kubaya. Siti ya abiria ina pia kihisi kinachotambua kama kuna mtu, na kwenye magari mengine hupima uzito wake, hivyo pedi isilazwe juu yake bila kufuata mwongozo wa kihisi hicho.

Kelele nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayowafanya watu watumie pesa nyingi kwa matokeo madogo. Injini ikizimika, muungurumo wa matairi na upepo husikika zaidi, ndiyo maana haibridi huonekana ina kelele kuliko ilivyo. Gonga bati la nje la mlango kwa kifundo cha kidole, katikati kabisa: likilia kama debe tupu, hapo pana kazi ya kufanya. Vipande vya mpira wa butili vyenye karatasi ya alumini vikibandikwa kwenye robo hadi theluthi ya eneo la bati, hasa katikati panapotikisika, huondoa sehemu kubwa ya mlio huo. Kufunika bati lote ni kuongeza uzito kwa faida kidogo. Mpira wa unene wa milimita 2 una uzito wa kilo 3 au zaidi kwa mita moja ya mraba, na makadirio ya serikali ya Marekani ni kwamba kilo 45 za ziada hupunguza umbali unaopata kwa mafuta yaleyale kwa karibu asilimia 1. Milango minne, sakafu ya buti na matao ya magurudumu ya nyuma, kwa vipande vilivyochaguliwa vizuri, havitakufikisha kwenye kilo hizo. Msiyazibe matundu ya kutolea maji chini ya milango, wala ule mfereji wa hewa ya betri niliousema.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mchangiaji wa kwanza:

Ahsante mkuu kwa maelezo. Mimi ninapenda muziki wenye besi, na fundi wangu anasema kwa kuwa gari lina betri ya volti 200, amplifaya ya wati 600 haitakuwa na tatizo lolote. Je, umeme huo mkubwa unaweza kutumika kwa kazi hiyo?

Mwanzisha uzi:

Hapana, mkuu, na fundi anayelisema hilo asifungue gari lako. Amplifaya haiioni betri kubwa; inachoona ni volti 14 zinazotoka kwenye kigeuzi, ambacho kwenye Prius kina uwezo wa ampea 100 hivi kwa gari zima. Amplifaya ya wati 600 yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta wati 750, yaani zaidi ya ampea 53 inapofikia kilele. Ukiongeza taa, feni, vioo na pampu ya breki, ambayo nayo hutumia umeme huohuo, nafasi inayobaki ni finyu, na volti zikiyumba kompyuta za breki ndizo za kwanza kulalamika. Amplifaya ya wati 200 au 300 ya aina ya D, spika zenye usikivu mkubwa na milango iliyobandikwa butili vitakupa besi safi bila kulibebesha gari mzigo huo. Tena usikilize muziki gari likiwa READY, si kwenye ACC (hali ya kuwasha redio na vifaa vidogo tu bila kuliwasha gari). Kwenye READY kigeuzi kinaichaji betri ndogo, na injini itawaka yenyewe kwa vipindi vifupi inapohitajika. Kwenye ACC unaimaliza betri ndogo peke yake.

Mchangiaji wa pili:

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha uzi. Badala ya kuhofia kila miliampea, kwa nini mtu asibadilishe betri ndogo akaweka kubwa zaidi? Maduka yanazo za ampea-saa 60 zinazoingia kwa kubana.

Mwanzisha uzi:

Hoja yako ina uzito, ndugu, lakini kuna sharti. Betri hiyo imo ndani ya chumba cha abiria au kwenye buti lililoungana nacho, na betri ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Ndiyo maana ile ya kiwandani ni ya aina iliyozibwa, ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye nyuzi za kioo, na ina mrija wa kupeleka gesi nje ya gari. Betri ya kawaida ya maji iliyobanwa humo bila mrija ni hatari, hata kama ni mpya. Ukipata kubwa kidogo ya aina ileile, yenye tundu la mrija na vichwa vya kipenyo kilekile, iweke bila wasiwasi. Hata hivyo, haitaponya kifaa kinachovuja. Itakuongezea siku chache tu kabla ya tatizo lilelile. Kwa anayetaka kamera irekodi gari likiwa limeegeshwa, bora iwe na kikatio kinachoizima volti zinapofika 12.2, au iwe na betri yake yenyewe inayochajiwa gari linapotembea.

Mchangiaji wa tatu:

Niongeze kuhusu rimu, kwa sababu nimeona wengi wanaziita starehe. Prius ya 2023 yenye rimu za inchi 17 ilipimwa Marekani kwa wastani wa maili 57 kwa galoni, na zile za daraja la juu zenye rimu za inchi 19 zikapata 52, ilhali injini ni ileile. Hiyo ni takribani lita 4.1 dhidi ya 4.5 kwa kilomita 100. Daraja la juu lina uzito zaidi kidogo pia, lakini ukubwa wa magurudumu una sehemu yake. Na hiyo rimu kubwa yenye tairi jembamba ubavuni inakupiga mgongo kwenye kila shimo.

Mwanzisha uzi:

Nakubaliana nawe kabisa, mkuu. Anayetaka ulaini wa safari abaki na rimu ndogo, achague tairi lenye msuguano mdogo lililopimwa pia kwa utulivu wa sauti, na aweke upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Sanduku la juu ya paa nalo liondolewe lisipotumika, maana kwa makadirio hayohayo ya Marekani sanduku kubwa lisilo na umbo la kukata upepo hula asilimia 10 hadi 25 kwenye mwendo wa kasi wa barabara kuu, yaani kilomita 105 hadi 120 kwa saa.

Mchangiaji wa nne:

Na mazulia? Nimeweka ya mpira juu ya yale ya kiwandani, yananipa utulivu mzuri wa miguu.

Mwanzisha uzi:

Toa moja, dada, leo hii. Mwaka 2009 Toyota iliyarudisha mamilioni ya magari Marekani, Prius za 2004 hadi 2009 zikiwamo, kwa sababu zulia lingeweza kuinasa pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa. Zulia la dereva liwe moja, limeshikwa na vibanio vyake vya sakafuni, na pedali ukiikanyaga hadi mwisho isiliguse.

Mchangiaji wa tano:

Mimi kinachonikera ni ule mlio wa ndani unaolia muda wote ninaporudi nyuma. Unaweza kuzimwa bila kuharibu kitu?

Mwanzisha uzi:

Unaweza, kwenye Prius nyingi. Fundi mwenye kifaa cha uchunguzi huingia kwenye mipangilio ya gari na kuubadilisha kutoka mlio endelevu hadi mlio mmoja, na hakuna waya unaokatwa. Hakikisha tu kwamba anagusa mlio wa ndani pekee. Haibridi mpya zina spika nyingine ya nje inayowaonya watembea kwa miguu gari likitembea kwa umeme kwenye mwendo mdogo, na hiyo ibaki ikifanya kazi.